Tiketi yasema saa saba, anga yasema kumi na tano
Na MWANDISHI WETU

Ilikuwa Januari 2019. Mpwa wangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma katika chuo kimoja nchini Marekani, na jamaa nzima ilifurika katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kumsindikiza. Wazee waliomba dua, akina shangazi wakafuta machozi kwa leso, naye kijana akapotelea ndani na mkoba wake mgongoni.

Tulipokuwa tukirejea nyumbani, mama yangu, ambaye ndiye nyanya ya kijana huyo, aliitisha karatasi yenye maelezo ya safari. Aliisoma kwa makini chini ya taa ya gari. Kuondoka Nairobi, 23:25. Kufika New York, 06:25. Akahesabu kwa vidole, kisha uso ukamkunjuka.

"Kumbe ni saa saba tu!" akasema. "Basi la usiku la Mombasa huchukua zaidi ya hapo. Nitalala, na nikiamka kuchemsha chai, mjukuu wangu atakuwa amefika."

Hakuna aliyemsahihisha. Wengine walikuwa wamechoka na wengine, tukisema kweli, hatukuwa tumelifikiria jambo hilo.

Kulipopambazuka hapakuwa na simu. Saa mbili ikapita, kimya. Saa nne mama akawasha redio asikie kama kuna habari ya ndege iliyoanguka. Kufikia saa sita mchana majirani walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wakiketi sebuleni na kunong'ona kama watu waliokuja matangani. Saa nane mama alikuwa amejifunga leso kichwani, amepiga magoti kando ya kitanda.

Simu ililia saa tisa na nusu alasiri. "Nyanya, ndio kwanza natoka kwa maafisa wa uhamiaji. Huku bado ni asubuhi, na baridi yake si ya kawaida!"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe uliyesoma, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeyaandika kwa ajili ya kila nyumba inayomtuma mtoto ng'ambo huku ikihesabu saa kwa vidole.

SAA ZA TIKETI SI ZA SAFARI

Jambo la kwanza ambalo kila familia yafaa kulijua ni kwamba nyakati zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali. Saa ya kuondoka ni ile iliyo ukutani mjini unakotoka, na saa ya kufika ni ile iliyo ukutani mjini unakokwenda. Ukitoa moja kwa nyingine moja kwa moja, kama alivyofanya mama, utapata hesabu isiyo ya safari.

Wanafunzi wa jiografia wanaijua sababu. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Nairobi iko karibu na longitudo ya nyuzi 37 mashariki, na New York karibu nyuzi 74 magharibi. Ukijumlisha unapata nyuzi 111. Gawanya kwa 15, na jibu ni saa saba na ushei. Jua likichomoza kwetu, watu wa New York bado wamo katika usingizi mzito, na itapita robo ya siku na zaidi kabla halijawafikia.

Kwa kuwa serikali hupenda saa kamili, tofauti rasmi ni saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, kisha wakazirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna haja ya mchezo huo kwa sababu mchana na usiku wetu hulingana mwaka mzima.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya mama. Nyakati hizo ndizo zilizotangazwa na Kenya Airways wakati safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili ilipozinduliwa, Oktoba 28, 2018. Ndege ikifika saa 06:25 asubuhi ya New York wakati wa baridi, ongeza saa nane. Hapa kwetu itakuwa 14:25, yaani saa nane na dakika 25 mchana. Toka saa tano na dakika 25 usiku hadi hapo ni muda wa saa 15 kamili. Wakati mama alipokuwa akichemsha chai, mjukuu wake alikuwa hajafika hata nusu ya njia.

Kurudi ni kinyume. Ratiba hiyo ilionyesha kuondoka New York saa 12:25 mchana na kufika Nairobi saa 10:55 asubuhi ya siku ya pili. Kwa macho ni saa 22 na nusu, muda wa kumtisha mtu yeyote. Ondoa zile nane, na utabaki na saa 14 na nusu.

UZI NA MPIRA

Umbali wenyewe ni takriban kilomita 11,800. Kwa anayeijua barabara ya Mombasa, hiyo ni sawa na kwenda na kurudi mara 12 mfululizo. Lakini kilomita hizo hupimwa wapi?

Chukua ramani ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York. Mstari wako utakatiza Nigeria na Mali kisha uingie baharini. Rubani akiufuata mstari huo atakuwa amezunguka, kwa kuwa ramani ni karatasi iliyonyooshwa ilhali dunia ni mviringo.

Watoto wanaweza kulithibitisha jambo hili nyumbani. Tafuta tufe la shuleni au mpira uliochorwa mabara. Shika uzi, bana ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uvute hadi ukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda kaskazini kuliko ulivyotazamia. Unapita Uganda, Sudan Kusini, Chad na Niger, unavuka jangwa la Sahara nchini Algeria, unatokea pwani ya Morocco, kisha unaikata Bahari ya Atlantiki. Karibu na mwisho wa safari unapanda juu kuliko New York yenyewe, kisha unateremka kuingia mjini. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Hata hivyo, ndege haziufuati uzi huo hatua kwa hatua. Kuna dhoruba za kukwepa, na kuna nchi ambazo anga zake hufungwa kwa sababu ya vita, kama ilivyotokea Sudan mapigano yalipozuka Aprili 2023. Kila safari hupangiwa njia yake saa chache kabla ya kuondoka.

UPEPO NDIO MWENYE NJIA

Ndege kubwa za masafa marefu huenda kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa. Mwanafunzi hodari wa hesabu atagawa 11,800 kwa 900, apate saa 13 na kidogo. Basi zile saa nyingine zinakwenda wapi?

Kiasi fulani huishia chini. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Kuna kujivuta kuelekea njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda taratibu na kushuka taratibu.

Lakini mla saa mkubwa ni upepo. Juu kabisa, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma toka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya kaskazini na hasa wakati wa baridi. Ndege inayokwenda Marekani huupokea upepo huo usoni kama mwendesha baiskeli anayepanda mlima. Ile inayorudi husukumwa mgongoni.

Nguvu ya upepo huo ilionekana wazi Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara. Ndege ya British Airways iliyotoka New York ilifika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Injini zilikuwa zile zile na umbali ule ule. Upepo tu ndio uliokuwa umebadilika.

Nairobi nayo ina lake. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ndege iliyoshiba mafuta huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na joto la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito, ikaibeba ndege vizuri zaidi. Safari hiyo ilipozinduliwa ilielezwa kwamba ingehitaji tani 85 hivi za mafuta kila upande, marubani 4 na wahudumu 12. Marubani hupokezana, kwa kuwa hakuna binadamu wa kushika usukani saa 15.

Kwa hivyo msomaji, mwanao akikuambia ndege imefika nusu saa kabla au imechelewa nusu saa, usitafute mchawi. Ni upepo.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wangezicheka saa hizi 15. Mbiyu Koinange alipokwenda kusoma Marekani mwaka 1927, njia ilikuwa ya baharini. Jomo Kenyatta aliondoka kwenda London Februari 1929, naye akafika Machi. Barua ya kusema "nimefika salama" nayo ilikuwa na safari yake ya majuma.

Septemba 1959, ndege iliyowabeba wanafunzi 81 ilitua New York, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa vijana waliofuata njia hiyo. Ndege za enzi hizo hazikuwa na uwezo wa kuvuka kwa mruko mmoja. Zilitua kituo baada ya kituo kujaza mafuta.

Hata baada ya ndege zenye nguvu kupatikana, Mkenya aliendelea kupitia kwa wenyewe. Safari ya moja kwa moja ilihitaji zaidi ya injini. Ilibidi kwanza wakaguzi wa Marekani waipe Kenya kiwango cha kwanza cha usalama wa anga, jambo lililotokea Februari 2017. Mwaka mmoja na miezi minane baadaye ndege ya kwanza ikaruka.

Na kwa wanaodhani saa 15 ndio mwisho wa dunia, wapo wanaokaa zaidi. Kutoka New York hadi Singapore ni kilomita 15,300 hivi, na abiria huketi zaidi ya saa 18.

MOJA KWA MOJA AU KUBADILISHA?

Familia nyingi huuliza swali hili kwa sababu ya mfuko. Safari za kubadilisha ndege mara nyingi huwa na nauli nafuu, lakini tazama unachokilipa kwa saa.

Kupitia London ni kilomita 6,840 hivi za kwanza na 5,550 za pili, jumla karibu 12,400. Hiyo ni nyongeza ya kilomita 600 tu juu ya njia fupi, hata kama kwenye ramani London inaonekana kuwa mbali na njia. Kupitia Dubai ni karibu 3,550 na 11,000, jumla kama 14,600, kwa sababu unaanza kwa kuipa New York mgongo.

Hata hivyo, kilomita sio zinazomchosha msafiri sana. Kinachomchosha ni kungoja. Safari ya kubadilisha inaweza kula siku nzima na zaidi, kutegemea saa za kungoja kituoni. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Kuna muda gani kati ya ndege moja na nyingine? Mizigo itapitishwa hadi mwisho au utaichukua njiani? Je, nchi ya kupitia inataka viza ya mpito? Wapo vijana waliozuiwa kupanda ndege hapa Nairobi kwa sababu ya swali hilo la tatu.

Muda mfupi mno kati ya ndege mbili nao si faida. Ya kwanza ikichelewa kidogo, ya pili haitakungoja.

MWILI NAO UNA SAA YAKE

Anayeondoka Nairobi usiku wa Januari kuelekea magharibi hulikimbia jua. Tangu litue kwetu jioni hadi alione tena likichomoza New York, atakuwa amekaa gizani zaidi ya saa 20. Mwili hauelewi. Atafika asubuhi ya watu huku tumbo lake likidai chakula cha mchana, na ikifika jioni yao atasinzia akiwa ameshika kijiko.

Hali hiyo huisha yenyewe. Makadirio ya kawaida ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, ingawa wengi huzoea mapema. Dawa yake ni mwangaza wa mchana, kula kwa saa za wenyeji na kulala wanapolala. Wengi huona kwenda magharibi ni rahisi kuliko kurudi mashariki, kwa kuwa mwili hukubali kurefusha siku kuliko kuifupisha.

Jambo la hatari zaidi ni kuketi mno. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu, na hatari hiyo huanza kuongezeka safari ikizidi saa nne. Simama, tembea ndani ya ndege, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umeketi, na unywe maji mara kwa mara. Wazee, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asiziweke katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Azibebe mkononi, tena amuulize daktari atazimeza kwa saa za wapi. Siku iliyorefuka kwa saa nane si ya kubahatisha.

WANAOBAKI NYUMBANI

Mwisho, kwa sisi tunaobaki tukitazama simu, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama ya machozi ya mama.

Kwanza, kabla ya msafiri kuondoka, andikeni katika karatasi moja saa ya kufika kwa wakati wa Kenya. Iwekeni mahali nyanya atakapoiona. Ongezeni saa mbili juu yake kwa ajili ya foleni ya uhamiaji, mizigo na kutafuta simu. Kabla ya hapo, msiwe na wasiwasi.

Pili, jihadharini na tarehe. Ndege inayoondoka saa 00:30 tarehe 15 ni ya usiku wa manane baada ya tarehe 14. Kiswahili chetu kilikwisha kulitatua hilo zamani, kwa kuwa tunasema usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 atakuta ndege yake ilikwisha kuruka karibu siku nzima iliyopita, na nauli mara nyingi imeruka nayo.

Tatu, jueni saa za kupiga simu. Wakati wa baridi ya Marekani, saa mbili asubuhi kwetu ni saa sita usiku kwao, kwa hivyo mwacheni mtoto alale. Saa kumi jioni kwetu ni saa mbili asubuhi kwao. Saa tatu usiku kwetu, tukiwa tumekwisha kula, kwao ni saa saba mchana. Ukimpigia alfajiri kabla ya kwenda kazini utakuta kwake bado ni jana usiku. Joto lao likifika, ongeza saa moja kwa kila wakati wao.

Mpwa wangu alirudi likizo Desemba ya mwaka huo huo. Alituma maelezo ya safari, nami nikampelekea mama bila kuongeza neno. Akavaa miwani, akatazama karatasi, kisha akatazama saa ya pili aliyokuwa ametundika ukutani, iliyokuwa nyuma ya nyenzake kwa saa nane.

"Anaondoka huko saa sita na dakika ishirini na tano mchana," akasema. "Hapa itakuwa saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Kesho saa tano kasoro dakika tano asubuhi atakuwa ameshuka. Mwanangu, wacha niende nikalale. Wewe nipitie saa tatu asubuhi, tumfikie kabla hajatoka."